Kesi ya Bweni Lililoinama

Nilishtakiwa kwamba nimeinamisha jengo la mawe. Naomba msomaji airudie sentensi hiyo polepole, kama nilivyoirudia mimi nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mikono nyuma. Jengo lenyewe lilijengwa kwa harambee, likaezekwa mabati mekundu, na mgeni wa heshima kutoka serikalini akaja kukata utepe na kufunua jiwe lenye jina lake. Mimi ni Kipyego wa kidato cha nne, na wapishi wa shule huniongezea ugali kwa huruma.

Mambo yalikuwa hivi. Mkaguzi wa elimu alitoka Eldoret mjini kuja kutazama bweni letu jipya. Alipoingia, upepo ulifunga mlango, na mlango ukakataa kufunguka. Mheshimiwa mkaguzi alitolewa dirishani, miguu ikitangulia, koti likibaki nyuma. Mwalimu mkuu, Bwana Wanyama, hakuuliza nani kafanya. Aliita jina langu. Sikatai kwamba ng'ombe wa shule amewahi kuonekana akiwa amevaa tai ya kiranja mkuu, lakini mlango ule sikuugusa.

Ilipoonekana kwamba bweni limeinama upande wa mlango, akaamua kwamba hilo pia ni langu na nifukuzwe, na muhula wenyewe ulikuwa wa mtihani. Mvulana akifukuzwa wakati kama huo, hakuna shule itakayompokea. Anarudi nyumbani kukamua ng'ombe na kueleza majirani. Mama aliitwa kutoka Chepsaita. Alifika na leso yake ya kanisani, akakaa kwenye benchi bila kunitazama.

Kamati ya shule ilitaka mtaalamu aje apime uharibifu wangu. Injinia Waithira alikuwa Kapseret akikagua ardhi ya barabara mpya, wakamwomba apitie kwetu. Alishuka kwenye Land Rover na vyombo vyake, akalizunguka bweni, kisha akauliza aliyelivunja yuko wapi. Nilipojitokeza alinipima kwa macho kutoka viatuni hadi kichwani, akarudi tena hadi viatuni.

"Ni wewe?"

"Ndiyo madam. Wanasema."

Akaniambia nimweleze chochote kuhusu ile sakafu. Nikamweleza habari za deki. Kila Jumamosi tunamwaga maji upande wa ndani na kuyasukuma kwa mifagio hadi mlangoni. Tangu mvua kubwa zianze, maji yamekataa kwenda mlangoni. Yanageuka kuelekea kona ya kitanda cha rafiki yangu Kinyanjui, na kutulia hapo kama yamelipiwa karo. Viranja waliita huo uvivu, na Kinyanjui akachapwa kwa sababu ya dimbwi. Jumamosi iliyofuata maji yakarudi palepale, naye akachapwa tena. Shule nzima yenye vitabu vya fizikia iliona maji yakiteremka, ikamchapa mtoto.

Injinia hakucheka. Alichora miraba ya chaki sakafuni kote, akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, na msaidizi wake akawa anashika rula ndefu kwenye kila makutano ya mistari. Tulipokaribia kona ya Kinyanjui sakafu ilikuwa imeshuka karibu shubiri nzima. Fremu ya mlango, iliyo jirani na kona hiyo, ilikuwa imebanwa upande mmoja. Mlango ule ungekwama hata kama ungefungwa na askofu.

Kisha akatoa rada, sanduku zito linalopeleka mawimbi ardhini na kusikiliza yanavyorudi. Likaburutwa taratibu juu ya chaki, na mashine nyingine ikawa inatema karatasi yenye mistari myeusi. Mistari ilienda sawa, sawa, halafu ikatumbukia.

"Hapa chini kuna mtaro mrefu," Injinia alisema, "na upande huu una kama ngazi. Umejazwa kitu laini."

"Lakini lile josho tulilijaza vizuri," akasema Bwana Wanyama.

Hakuna aliyekuwa amesema josho.

Basi yakatoka yote. Shule yetu ilikuwa shamba la mzungu, na pale ndipo ng'ombe wake walipotumbukizwa dawani kuua kupe. Ramani ya kwanza iliweka bweni juu kwenye mikaratusi, penye ardhi ngumu. Lakini kutoka barabarani mgeni wa heshima asingeliona. Vigingi vikahamishwa, josho likajazwa takataka za jikoni na udongo, na juu yake wakalazwa wana wa watu.

Tuliporudi ofisini, Injinia alisema hakuna mtu wa kulala humo tena. Bwana Wanyama akajibu kwa sauti ya chini kwamba jengo lenye jina lile ukutani haliwezi kuwa na kasoro. Miaka hii, aliongeza, mtu akiligusa jina kama lile huitwa na serikali akaulizwa alimaanisha nini. Akanigeukia kwa upole wa kutisha. Nikiandika kwamba wavulana tulirukaruka tukaharibu sakafu, mtihani nitafanya. Nisipoandika, niende na mama yangu.

Aliniwekea kalamu mkononi. Nakiri kwamba niliutaka mtihani ule.

Mama akasimama. "Mwalimu, huyu ni mtundu, na mimi ndiye niliyemzaa. Lakini nyumba hakuisukuma. Akiandika hiyo karatasi, nitamchapa mimi mwenyewe."

Nikaiweka kalamu mezani.

Kinyanjui, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alienda akakunja godoro lake, akalibeba kichwani hadi bwalo la chakula. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Hakuna aliyeimba, maana kuimba huitwa mgomo. Walipanga magodoro, wakakaa juu yake, wakanyamaza.

Bwana Wanyama alitazama bwalo, akamtazama Injinia akikunja karatasi ya rada na kuitia mkobani. Mwalimu mkuu akipiga simu kuripoti mgomo, maofisa watakuja, nao watataka kuiona karatasi hiyo. Simu haikupigwa.

Kesho yake gwarideni alitangaza kwamba bweni limefungwa ili lipakwe rangi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru tuhame. Kisha akaniita mbele. Kwa moyo wa ubaba, alisema, amenisamehe, na mtihani nitafanya.

Walimu walipiga makofi. Nilisimama pale mbele ya bendera, nimesamehewa, nikatakiwa niseme asante. Nikasema.