Hoja Isiyo na Tumbo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi katika chumba cha mtihani kisichokuwa na kuta wala paa. Mlango kilikuwa nao, na ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nikabisha hodi nikiwa humo ndani, nikafunguliwa, nikaingia palepale nilipokuwa nimeketi.

Kabla sijaendelea, niseme nililala na nini kichwani, usije ukadhani nililishwa kitu. Wiki mbili sasa nipo nyumbani kwa baba, najisomea mtihani wa mchujo wa ajira. Hesabu naziweza, sarufi naiweza, ila kuna maswali ya kudhoofisha hoja ambayo yamenishinda kabisa. Unapewa hoja ya mtu, unapewa majibu matano, uchague lile moja litakaloilegeza hoja hiyo. Katika kitabu cha mazoezi nimepata sifuri kwa kumi, mara tatu mfululizo. Nadhani ni damu. Kwetu akina Mapunda, mtu akileta hoja tunaanza kwa kumwambia ni mwongo, kisha tunauliza ameoa wapi.

Na baba yangu, Mzee Alfonsi Mapunda, ndiye mpiga kengele wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, mwaka wa kumi na tisa huu. Kengele yenyewe ni rimu la lori lililotundikwa kwenye nguzo, naye hulipiga kwa kipande cha nondo. Kila asubuhi husubiri redio itoe mlio wa saa, huweka saa yake ya mkononi sawa, ndipo huondoka. Sasa kamati ya shule ilikuwa ikutane leo saa nne kuamua kama anyang'anywe ile nondo. Hoja yao waliiandika kwa barua, kwa mwandiko mzuri: Mzee Mapunda alitimiza miaka sabini mwezi Machi. Tangu mwezi Machi wanafunzi wanachelewa. Kwa hiyo uzee wa Mzee Mapunda ndio unaowachelewesha wanafunzi.

Jana wakati wa chakula nilimwambia baba kwamba watoto hawachelewi hata kidogo, ni chuki tu za mwalimu mkuu. Baba akarudisha tonge sahanini.

"Wanachelewa, mwanangu," akasema. "Nawaona."

Akanawa mikono, na ugali ulikuwa hata nusu haujafika. Iliniuma. Nikaenda kulala na kitabu cha mazoezi kifuani, kimefunguka kwenye swali la kumi na saba.

Basi, turudi mtihanini. Msimamizi alikuwa mizani, ile ya kutundika wanayopimia kahawa pale kwenye chama cha ushirika. Alikuwa amevaa miwani. Aliniuliza jina langu, nikamwambia Skolastika Mapunda, akalipima, akasema limezidi kidogo lakini litapita. Kisha akanieleza kwamba leo swali ni moja tu, akapiga ndoano yake ukutani, ingawa ukuta haukuwepo, na Hoja akaingia.

Hoja ni bwana mmoja mrefu mwenye koti jeusi. Ana miguu miwili minene kama mitungi. Mguu wa kushoto umeandikwa SABINI, wa kulia umeandikwa WANACHELEWA. Juu kabisa kuna kichwa chenye kofia, na kwenye paji la uso pameandikwa KWA HIYO. Katikati, kati ya miguu na kichwa, hakuna kitu. Koti limefungwa vifungo vyote, lakini ndani yake hamna kifua wala tumbo. Kichwa kinaelea tu, kimetulia, kama kinachojua kwamba hakuna atakayeuliza.

Ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani. Namjibu nzuri. Mizani anamning'iniza kwenye ndoano kwa kola ya koti, na mshale unakwenda mpaka mwisho na kukwama.

"Umeambiwa udhoofishe," mizani ananiambia. "Hujaambiwa uue. Atakayeua atapata sifuri, na kaburi atachimba mwenyewe."

Nikauliza nina muda gani. Akanionyesha nje, na nje ni uwanja wa shule, na baba amesimama mbele ya rimu na nondo yake mkononi, anatazama saa. Nitakuwa na muda mpaka pigo la mwisho. Baba hupiga mapigo thelathini, hazidishi wala hapunguzi. Pigo la thelathini likimkuta Hoja na uzito wake, baba ataiweka nondo chini na hataiinua tena.

Badala ya kalamu nina mchi wa kutwangia. Sikuona ajabu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijibu maswali siku zote. Nikamwendea Hoja, nikaupiga mguu wa kushoto kwa nguvu zangu zote. Ukalia kama jiwe. Nikapiga wa kulia, mchi ukapasuka.

"Piga tu, dada," Hoja akasema bila kinyongo. "Miguu yangu ni ya kweli. Baba yako kweli ana miaka sabini."

Hapo majibu matano yakaingia na kuketi kwenye benchi kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. A alikuwa mzee nadhifu mwenye rozari, akaeleza kwamba Mzee Mapunda ni mtu mwema, hakosi kanisani, na utu uzima dawa. Maneno yalinifurahisha. Mizani akamweka A juu ya Hoja, na A akapeperuka kama ganda la karanga, akapotea juu ya miti. B akasema shule nyingi siku hizi zina kengele za umeme, na hakungoja kuitwa. Akaenda kumkalia Hoja mabegani, wakaanza kuongea kama ndugu.

Uwanjani baba anainua nondo. Pigo la kwanza linalia.

D akasimama. D alikuwa amevaa blauzi yangu ya maua na alikuwa na sauti yangu. Akasema watoto hawachelewi, hawajawahi kuchelewa, na wasemao wanachelewa ni waongo, wao na ukoo wao. Moyo wangu ukafurahi. Nikamchagua palepale. Mara watoto wakaanza kupita mbele yetu, wamechelewa, mikoba kichwani, na kila mmoja akatuamkia shikamoo. Walikuwa thelathini na saba. D aliwaitikia marahaba mmoja mmoja, na baada ya kila marahaba aliniambia kwamba huyo hayupo. Kila alipokana mtoto mmoja, mguu wa kulia wa Hoja ulinenepa. Mwishowe kiatu kilichanika.

Niliona aibu, kwa sababu aliyesema hayo alikuwa mimi.

Pigo la kumi na moja.

E hakutaka kupoteza muda. Alisema mwalimu mkuu mwenyewe hufika saa tatu, na kwamba mke wake ni dada wa mwenyekiti wa kamati. Hapo watu wakatokea, sijui walikuwa wapi, wakapiga makofi. Akina Mapunda wote walikuwemo, hata waliokwisha kufa. Hoja naye alikuwa anapiga makofi kwa mikono mitupu ya koti lake.

"Ni kweli tupu," Hoja akasema. "Hata mimi simpendi. Lakini hilo linanihusu nini?"

Nikatazama mshale. Haukuwa umesogea hata unywele. Pigo la kumi na nane likalia, na nilianza kuogopa, si woga wa ndoto tena bali woga wenyewe.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amebaki C. Alikuwa mama mfupi wa makamo, kitenge chake kimelowa mpaka magotini, kandambili ameshika mkononi. Alisema jambo moja, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Gogo la kuvukia mto lilisombwa na maji mwezi Machi."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mama, hapa tunaongelea kengele, mambo ya magogo tutayaongea siku nyingine. Hakukasirika. Akasema hiyo ndiyo sababu yeye huwa hachaguliwi. Watu humsoma haraka, wanamwona hahusiki, wanakwenda kwa D kupiga kelele. Kisha akakamua pindo la kitenge na kuniambia kwamba hawezi kuinuka pale kabla sijaikubali miguu ya Hoja, yote miwili, kwa mdomo wangu na mbele ya watu.

Hilo lilikuwa gumu kuliko mchi. Akina Mapunda waliokufa walinikazia macho. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumkubalia mpinzani hata salamu.

"Ni kweli," nikasema. "Baba yangu ana miaka sabini."

Hoja akanishukuru. Machozi yalikuwa yananitoka, nikayaacha yatoke.

"Na ni kweli watoto wanachelewa."

Kule uwanjani baba akaitikia kwa kichwa taratibu bila kuacha kupiga, kama mtu aliyengoja muda mrefu asikilizwe. C akainuka. Akanishika mkono, akamwendea Hoja, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akainamisha kichwa na kuingia ndani. Nikamfuata.

Ndani ya koti kuna mto.

Ni mto wetu wenyewe, ule wa nyuma ya mashamba ya kahawa, umejaa na una rangi ya chai ya maziwa. Pale lilipokuwa gogo pamebaki shimo na mizizi. Ng'ambo wamesimama watoto wale thelathini na saba, wamefika mapema, sare zao safi, wanayatazama maji. Wazee wa kamati wote wanakaa upande wetu wa mto. Wakienda gulioni hupita barabara ya malori, na juu ya gogo hilo hakuna hata mmoja aliyekanyaga tangu alipoacha shule. Nikamuuliza C kama kuna yeyote aliyewauliza watoto wanapita wapi. C akakamua tena pindo la kitenge.

Kisha likaja pigo la ishirini na tano. Lilikuja kutoka shuleni, likapita juu ya kahawa, likavuka mto bila gogo, na vichwa vyote thelathini na saba vikageuka kwa pamoja.

"Saa moja na nusu hiyo," akasema msichana mmoja aliyefunga viatu vyake shingoni kwa kamba. "Mzee Alfonsi hakosei. Sisi ndio tumechelewa, twendeni tuzunguke."

Wakaanza kutembea kuelekea barabara ya malori, mwendo wa dakika arobaini, na kila pigo lililolia waliongeza hatua. Nilisimama pale ndani ya koti la mtu na kujivuna mpaka kifua kikaniuma. Kengele ya baba yangu ilikuwa inafika. Inafika kwa wakati, inafika ng'ambo, inafika kwa watoto ambao njia yao imekatika, nao wanaiamini kuliko saa. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akipiga vilevile huku watu wakimhesabia miaka.

Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

"C," nikasema.

Maji yakatokea kwenye mikono ya koti na kwenye kola. Hoja akalegea taratibu, koti likashuka, kichwa kikashuka nalo, mpaka kikaketi juu ya miguu yake miwili, ambayo ilikuwa bado mizima na bado ya kweli. Mshale wa mizani ukarudi, ukarudi, ukasimama kwenye uzito wa kifaranga. Nikainama kumtazama kwenye paji la uso. KWA HIYO ilikuwa imefutika. Palikuwa pameandikwa HUENDA, kwa herufi ndogo sana.

Aliuliza kama kuna chai.

"Amedhoofika," mizani akatangaza, akavua miwani na kuifuta. "Hajafa. Ndivyo inavyotakiwa."

Pigo la thelathini likalia. Nikageuka kumtazama baba. Hakuiweka nondo chini. Aliitazama, akanitazama, kisha akapiga la thelathini na moja, moja tu la ziada, kubwa kuliko yote. Akina Mapunda waliokufa wakavua kofia.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka, na nje nilisikia redio ya baba, naye akiisubiri itoe mlio wa saa kumi na mbili. Kitabu cha mazoezi kilikuwa bado kifuani, na blauzi yangu ya kulalia ilikuwa imelowa chini yake. Nikakifungua kwenye swali la kumi na saba. Lilikuwa swali lilelile la jana, la kiwanda cha sabuni. Majibu yalikuwa A, B, D na E. Kati ya B na D palikuwa na nafasi tupu, karatasi imevimba kwa maji, na kwenye mkunjo wa kitabu palikuwa na mchanga wa mtoni.

Nikatoka nje, nikaamkia. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, saa mkononi, akaniambia nisiseme kwanza. Redio ikalia. Akaisogeza saa yake kwa ukucha, akaridhika, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

"Skola," akasema, "yule mama aliyetoka chumbani kwako sasa hivi na kitenge kilicholowa ni nani? Kanisalimia vizuri, akasema anatangulia kikaoni."

"Ni jibu langu, baba," nikamwambia, nikaenda kuitafuta blauzi ya maua nimfuate.