Kisu cha Mutheu

…au hiki, maana hivi viwili ni pacha kabisa, mpini mweusi huku, mpini mweusi kule, makali urefu wa kidole, na Billy muuza visu anaapa kimoja ni orijino na kingine kopi, ila akivichanganya kwenye turubai hata yeye anakohoa kwanza kabla ya kukuonyesha ni kipi, wee Immaculate, umetembea kutoka Kibera mpaka Kawangware, jua hili, kununua kisu cha kukunja ambacho pale soko la Toi kimejaa tele, lakini Toi yuko Mutheu, na leo hataki kuona meno ya Mutheu, hataki, ingawa ni huyo huyo Mutheu aliyemshika mkono akimzaa Valentine, huyo huyo… "Mathe, hii ina klipu, unaning'iniza tu kwa aproni," na ile nyingine haina, lakini ni nyembamba, italala vizuri mfukoni kando ya simu, na Billy anauliza ni chake ama ni cha kupelekea mtu, Immaculate anajifanya hajasikia, kwa sababu hajui, tangu asubuhi hajui. Miaka saba wanafungua bale ya mitumba pamoja, nusu kwa nusu, kwa kisu kimoja, cha Mutheu, na sheria ni moja tu, macho manne yaone mkanda ukikatwa, hakuna kufungua peke yako, halafu mnagawana kamera, zile nguo safi zinazogombaniwa kabla hazijatundikwa, na mwisho fagia, matambara ya kupangusia meza, na Ijumaa bale ya magauni ya watoto ikatoka fagia juu, fagia chini, Mutheu akashika kichwa, akalia kabisa, na yeye, mjinga wa mwisho, akamfariji, akamnunulia chai na mandazi. Kumbe. Jumamosi akapita mtaa wa Satellite, kwa kibanda cha Hope, mdogo wake Mutheu, magauni yamening'inia kama ya watoto wa harusi, na Hope kumwona tu akaanza kumsalimia mara tatu tatu, ukisalimiwa hivyo ujue kuna jambo… bale nyingine hiyo, Mutheu alisema alipoulizwa, haki ya Mungu sistangu, nyingine kabisa, na yeye akaitikia sawa, angesema nini, ukishamkosa Mutheu Nairobi hii unabaki na nani wa kumwambia mambo yako, na kesho kuna bale ingine, Mutheu ameshaiulizia, anangoja neno tu, na kisu chake kimelegea, basi ampelekee kipya, yaishe, au anunue chake akate peke yake… "Angalia hapa kwa kiungo, mathe, imekazwa, hata uzi hauingii," Billy anakikunjua, anakikunja, tak, tak, na Immaculate anaangalia kiungo, uzi… kulikuwa na uzi. Ijumaa, kabla mkanda wowote haujakatwa, kwa kiungo cha kisu cha Mutheu, uzi wa gunia, wa kijani, yeye mwenyewe aliutoa kwa ukucha akaupuliza, akidhani ni wa mwezi uliopita, lakini gunia la mwezi uliopita lilikuwa jeupe, anajua, si ndilo pazia la bafu lake pale Kisumu Ndogo, Kibera, analifungua kila asubuhi, jeupe pepepe, la kijani lilikuwa la Ijumaa, bale iliyosimama mbele yao na mikanda yake yote, ameigusa kwa mkono wake, imekaza, lakini chini, Mungu wangu, nani huinamisha bale aangalie chini… ilishapasuliwa, ikachaguliwa, ikajazwa matambara, ikashonwa, halafu akaitwa kuja kuwa macho mawili ya kushuhudia, inauma, inauma vibaya. Na kisu alimpa mkononi. Mutheu, ambaye miaka saba hukiweka kisu juu ya bale, akatoa mkono, ndipo aseme chukua, kwa sababu nyanyake kule Kitui alimkanya, kisu kikipita mkono kwa mkono kinagombanisha wanaopendana, na Immaculate alimcheka sana mwanzoni, akazoea, sasa hata na mumewe Nalianya, wakikata vitunguu, hukiweka kwanza mezani, naye humwita Mkamba, kama Mutheu… Ijumaa Mutheu alimtilia kisu kiganjani moja kwa moja, kiganja chenyewe moto, na yeye akasema moyoni amesahau, masikini, ana haraka. Hakusahau. Mtu hasahau kitu cha miaka saba, ila hakukuwa tena na cha kukinga, aliona hawa wanaopendana hawapo… "Mathe, sasa ni gani?" Billy amevikunja vyote viwili, amevishika kwa mkono mmoja, anamnyooshea, pacha vilevile, na mkono wa Immaculate ulikuwa umeshatoka kupokea, ukasimama hewani.

"Ni changu," akasema. "Viweke chini, nitaokota mwenyewe."