Ruhusa ya Kusoma

Miaka thelathini na moja alitunza stoo, na hakuna hata msumari uliotoka bila saini. Watu wakamwita Kufuli, na jina likamkaa. Kwa hiyo binti yake mchoraji alipomwachia tovuti yake ya michoro, akamwambia, "Baba, iangalie tu mpaka nifike," mzee aliiangalia kwa namna anayoijua yeye.

Binti alikuwa safarini kwenda kuomba nafasi katika chuo cha sanaa. Waamuzi wangetazama michoro mtandaoni saa nne asubuhi, yeye akiwa bado angani. Ikiwapendeza, wangemwita kwenye usaili wa kesho yake. Isipowapendeza, basi, arudi nyumbani.

Kufuli alikuwa amesikia kwamba mtandaoni kuna wezi wa picha. Jana yake alifungua programu ya FTP ya kuhamishia mafaili, ile inayoonyesha ya nyumbani kushoto na ya seva, kompyuta inayobeba tovuti, kulia, akaingia kwenye ruhusa za folda ya michoro na za kila faili, akaondoa alama zote isipokuwa za mwenye mali. Kisha akalala fofofo, mlinzi aliyemaliza kazi.

Saa tatu na nusu katibu wa chuo akapiga simu. "Mzee, tovuti inatuambia hatuna ruhusa."

Alimjua mtu mmoja tu wa kazi hizo: shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, anayetengeneza tovuti za shule. Alikuwa amembandika jina la Kasuku, maana mdomo wake hauna breki, na tangu msiba alikuwa akimkwepa. Leo alimpigia, haya zimemjaa.

"Shemeji! Leo umekosea namba?"

"Utanicheka baadaye. Nimeifunga tovuti ya mtoto, na saa nne wanaitazama."

"Nipe neno la siri niingie."

"Neno la siri halitolewi kwenye simu."

Kasuku akacheka mpaka akakohoa. "Haya, bwana stoo, utafungua kwa mikono yako. Unaona kisanduku chenye tarakimu tatu? Ya kwanza ni yako, ya pili ya kundi lako, ya tatu ya dunia nzima. Nne ni kusoma, mbili kuandika, moja kupita; unazijumlisha."

"Naweka saba saba saba, yaishe!"

"Weee! Hapo umempa kalamu kila mpita njia. Watamchorea mtoto masharubu. Mafaili yote weka sita nne nne."

Akaweka. Ukurasa wa kwanza ukafunguka, jina la binti likaonekana, lakini chini yake vilijipanga visanduku vitupu. Zilibaki dakika sita. Jasho likamtoka.

"Folda ya michoro bado ina saba sifuri sifuri," Kasuku alisema, na safari hii hakutania. "Picha zinasomeka, ila hakuna anayeruhusiwa kupita mlangoni. Saba tano tano. Folda tu, shemeji. Taratibu, muda upo."

Akabonyeza. Picha ya kwanza ikashuka polepole: wanawake wawili jikoni wanacheka, mmoja kashika mwiko, mwingine kamshika bega. Mkewe na Kasuku. Jana Kufuli alifunga mafaili kwa kuyaona majina tu. Hakuwa amefungua hata moja.

Upande wa pili, Kasuku naye alikuwa ameifungua. "Dada yangu huyo," alisema.

"Ahsante, shemeji," Kufuli alisema. "Ahsante sana. Nimekukosea, nawe umeniokoa."

Alasiri binti akapiga simu, furaha imemzidi. "Wameniita, Baba! Ahsante kwa kuniangalizia."

Angeweza kuipokea shukrani hiyo akanyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Mimi nilikufungia mlango, mwanangu," alisema. "Mpigie mama yako mdogo. Na umwambie kesho aje kula kwangu, nitapika mwenyewe."