Tope la Kula

Wanawake wa Kwemzinga walikuwa na siri yao ambayo waume zao hawakuijua, na siri hiyo iliuzwa sokoni mchana kweupe. Muuzaji alikuwa Bi Shamsa. Alichimba tope laini ukingoni mwa mto, akalitoa mawe, akalifinyanga vijiti vya urefu wa kidole na kuvikausha juu ya jiko mpaka vikanukia kama mvua ya kwanza. Wanaume waliopita mbele ya mkeka wake pale sokoni Soni walidhani ni udongo wa kupaka ukuta. Mwenye mimba hakudhani. Aliinama, akanong'ona, akafungiwa vyake kwenye gazeti, akaondoka anatafuna taratibu kama mtu anayesali.

Mume wa Bi Shamsa alikuwa amekufa zamani. Mwanawe wa pekee, Ibrahimu, alipeleka kabichi Dar es Salaam kwa lori, na kijijini alipita kama mgeni wa serikali. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya watu sita, sasa ilikaliwa na mmoja na kuku wanne. Waliobisha hodi ni wenye mimba tu. Walikaa jikoni kusubiri vijiti vikauke, wakalalamika migongo, wakacheka. Kwa Bi Shamsa mimba ya mtu ilikuwa miezi ya kutembelewa. Mtoto akizaliwa, hamu inakwisha, na mgeni naye anakwisha.

Mgeni ambaye Bi Shamsa alimwomba Mungu amlete kuliko wote alikuwa Zakia, mke wa Ibrahimu, aliyepanga chumba Soni. Siku ya kwanza Zakia alipompikia ugali, Bi Shamsa alisema mbele za watu kwamba ugali ule ungefaa kuziba ufa wa jikoni. Watu walicheka. Zakia hakucheka, na kwa miaka mitatu hakukanyaga pale. Kisha akashika mimba, na siku moja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nasikia una udongo."

"Marahaba, mwanangu. Upo."

Bi Shamsa aliuma ulimi mpaka ukamwuma kweli. Mtu aliyenuna kwa ugali wake kufananishwa na udongo, leo amepanda mlima kufuata udongo wenyewe! Utani kama huo haupatikani mara mbili. Akaumeza. Tangu hapo Zakia alikuja kila wiki. Mwezi wa pili alianza kuvua viatu na kunyoosha miguu. Mwezi wa tatu alimwuliza mkwewe wangemwita mtoto nani.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Miaka michache nyuma, enzi za ruksa, kila mtu aliporuhusiwa kuuza alichonacho, vijana wa mbali walikuja kuosha dhahabu mtoni juu ya kijiji. Walikuwa na makarai, na zebaki katika chupa za soda. Bi Shamsa aliwahi kuimwaga kiganjani akaona maajabu: maji mazito yasiyolowesha, yanayokimbia kidole kama yana kiburi. Waliichanganya na mchanga ikashika dhahabu, wakaichoma, wakauza. Dhahabu ilipokwisha walihama. Mto ukarudi mweupe, hata mawe ya chini yakaonekana, na watu wakasema umepona.

Ndipo akaja mtaalamu wa maji, Kristofa, akachota tope kwa bomba na kulitia kwenye vichupa. Alirudi baada ya wiki kadhaa, Ijumaa, na mkutano ukaitwa. Akaeleza kwamba maji yenyewe hayakuonyesha tatizo. Tatizo lilikuwa chini. Zebaki ilikuwa imezama na kulala ndani ya tope, kuanzia kwa waosha dhahabu mpaka kwenye kona ya mto, pale pale Bi Shamsa alipochimba. Kambare wa pale wasiliwe, watoto wasichezee.

"Basi salama," akasema mwenyekiti. "Tope nani anakula?"

Wanaume wakacheka. Wanawake wakatazama vidole vya miguu yao. Walikuwepo zaidi ya ishirini, na Bi Shamsa angeweza kuwataja mmoja mmoja, mwaka na mtoto. Naye akatazama vidole vyake.

Mkutano ulipovunjika alimfuata Kristofa kwenye pikipiki yake.

"Mwanangu, kuku akila lile tope?"

"Usimle huyo kuku, mama."

"Na kuku mwenye yai tumboni?"

Kristofa aliacha kufunga mzigo. Alimtazama, akatazama vidole vyake vyenye udongo kwenye kucha.

"Huyo ndiye asionje kabisa," akasema polepole. "Inapita kwa mama, inaingia kwa mtoto. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Kama kuna kuku wa namna hiyo, aende hospitali akaseme."

Jumamosi na Jumapili Bi Shamsa hakuwasha jiko. Jumatatu alipanda karibu na msitu wa Magamba, akachimba udongo wa kichuguu, akaukausha. Alijiambia kwamba hajadanganya mtu. Amebadilisha duka tu. Zakia atatafuna, atakaa, miguu itanyooshwa, hakuna haja ya kuharibu mambo kwa maneno.

Zakia akaja na tumbo lake la miezi saba. Akauma kijiti, akakitema kwenye kiganja.

"Sio huu, mama. Nipe ule wa mto. Ule wa siku zote."

Bi Shamsa angeweza kusema mto umejaa, au amechoka. Uongo ulikuja wenyewe, wa kuchekesha pia. Alimtazama mkwewe akilamba mchanga kwenye mdomo.

"Ule una zebaki," akasema. "Ya wale wa dhahabu. Mtaalamu amesema ni sumu kwa mtoto."

"Umejua lini?"

"Ijumaa."

"Na huko nyuma?"

"Huko nyuma niliona maji meupe."

Zakia alivaa viatu. Ilimchukua muda, kwa sababu ya tumbo, na Bi Shamsa hakuthubutu kumsaidia.

"Nenda kliniki Lushoto uwaambie," akasema Bi Shamsa.

"Niwaambie nimekula tope? Mimi?"

"Sema mama mkwe wako ndiye aliyekulisha. Watakuamini mara moja."

Ulikuwa utani, na haukuwa utani. Zakia akateremka bila kuaga.

Baadaye dereva wa gari la mboga alileta salamu za Zakia: amekwenda, amesema, ameambiwa aache kabisa na arudi kila mwezi apimwe. Mengine yatajulikana akijifungua. Kuhusu kuja, salamu haikutaja chochote. Na wale wengine, waliotazama vidole vyao, hawakubisha hodi tena. Walimwona njiani wakasalimia upesi.

Bi Shamsa alifukia vijiti vyote kwenye shimo refu mbali na mto. Siku ya soko akateremka Soni na mkeka mtupu, akaukunjua mahali pake.

Dada mmoja wa kijiji cha Mnazi, tumbo limechomoza, aliinama akanong'ona.

"Sina," akajibu Bi Shamsa kwa sauti, wanaume wakageuka. "Na usile wa mto popote. Una sumu, na wanawake tukishika mimba sote tunaula."

Dada alijifunika uso kwa khanga na kuondoka haraka. Wa pili hakufika hata karibu. Mpaka adhuhuri nafasi pembeni ya mkeka ilikuwa imepanuka, mtu angeweza kulaza ng'ombe.

Secilia, muuza nyanya wa jirani, akamwuliza anauza nini sasa.

"Bado sijajua," akasema. "Leo nimekuja kukaa."