Picha Mbili za Figo ya Nkuba

Shemeji yangu Mihayo hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu nikianza kueleza mtadhani namsingizia, na mimi Regina simsingizii mtu. Nikiwa na neno nalisema machoni. Alimpenda kaka yake kupita kiasi, na upendo huo ndio uliotumaliza.

Ulikuwa mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha. Tulikuwa tumeshahama Usukumani na ng'ombe wetu, tunaishi Ubaruku. Mume wangu Nkuba alikuwa akikojoa damu. Ubavu ukimshika anajikunja sakafuni, yeye aliyezoea kuangusha dume kwa mikono yake. Mbeya walimpima wakasema figo ya kushoto imekufa siku nyingi, na hii ya kulia, iliyobaki peke yake, imejaa jiwe. Nendeni Iringa, wakatuambia, kuna daktari anayajua mambo ya mawe.

Dokta Kalinga alikuwa kijana wa Kihehe, anaongea taratibu mpaka unataka kumsaidia kumaliza. Alimdunga Nkuba dawa ya kuonyesha figo, akampiga picha mbili. Baada ya ile ya kwanza aliisogeza mashine pembeni kidogo, Nkuba ameambiwa asijitingishe. Kisha akaniita chumbani kwake. Mezani palikuwa na sanduku la mbao lenye vioo viwili katikati na taa kila upande. Akaweka picha moja huku, nyingine kule.

"Mama, egemeza pua hapa," akaniambia. "Jicho hili litaona picha hii, na hili litaona ile. Usihangaike, tulia tu."

Mwanzoni niliona ukungu. Halafu zile picha zikakutana, nikashika meza. Jiwe lilikuwa limesimama mbele yangu. Si doa jeupe, jiwe lenyewe, lina unene, limetoa pembe kama za ng'ombe. Pembe moja ilinijia, nyingine ilikwenda nyuma. Nilitamani kunyoosha mkono nilishike nilitoe.

"Figo ina mishipa ya damu kila mahali," Dokta akasema. "Nikijua kila pembe imelala wapi, napitisha kisu pasipo na mshipa mkubwa. Nikikosea, damu haitasimama na itabidi niing'oe figo yote."

"Na hana nyingine."

"Hana nyingine, mama. Ndiyo maana siku ya kupasua nitaziweka tena humu, nichore njia kwanza."

Nilitoka pale na moyo umetulia kidogo. Picha ziliwekwa kwenye bahasha, bahasha ikaning'inizwa miguuni pa kitanda cha Nkuba, ndivyo walivyofanya kwa kila mgonjwa.

Mihayo, aliyekuja nasi Iringa, ndiye hakutulia. Kwetu jambo kubwa halifanyiki mpaka mfumu, mganga wetu, apasue kuku na kusoma yaliyomo ndani. Kuhama tulisomewa, kuoana tulisomewa. Sasa mtu apasuliwe kama mbuzi na wazee hawajatia neno?

"Mwili wa Nkuba si wa Nkuba peke yake," akaniambia.

"Basi nenda ukawaulize wazee. Nani amekushika?"

Akazitoa zile picha, akaziinua dirishani, moja baada ya nyingine. "Shemeji, kuku anatuonyesha kwa mbali tu. Humu ni ndani ya Nkuba mwenyewe. Mfumu akisoma hii hawezi kukosea. Na ziko mbili, zinafanana."

"Hazikupigwa mbili bure," nikamwambia. Nikamweleza sanduku, nikamweleza macho, nikamweleza jiwe linavyosimama. Aliitikia ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, kama wanaume wanavyoitikia mwanamke akiongea wakati wao wameshaamua.

Kesho yake nilikwenda kufua. Niliporudi Nkuba akasema mdogo wake ameaga, amepata lori la kwenda Igawa, njia ya kwetu. Nikajua anakwenda kuwaangalia ng'ombe na kuwasikia wazee. Kusema kweli nilifurahi kupumzika na maneno yake.

Halafu homa ikaja. Nkuba alitetemeka mpaka kitanda kikalia, uso ukavimba, mkojo ukakatika. Dokta akamgusa ubavuni akasema hatungoji tena, jiwe limeziba, anapasuliwa leo hii. Akaichukua bahasha akaenda kwenye sanduku lake. Akarudi mbio, na mtu yule sikuwahi kumwona akikimbia.

"Mama, picha ya pili iko wapi?"

Nilijua hapo hapo. Nikakaa chini sakafuni mbele ya wagonjwa wote.

"Mpige nyingine," nikasema.

"Filamu zimekwisha. Tunazingojea kutoka Dar es Salaam." Aliinua ile moja kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. "Pembe ya mbele naikumbuka. Hii nyingine sikumbuki imelala upande gani."

"Ngoja basi mpaka irudi."

"Nikingoja atakufa, mama."

Nkuba alinishika kidole wakati wanamsukuma. Aliniuliza kama Mihayo amerudi. Nikamwambia yuko njiani, naye akatabasamu, akisema mdogo wake hajawahi kumwacha. Niliogopa mpaka nikasahau kuomba.

Dokta alitoka jua likiwa limeshageuka, damu mpaka kwenye viatu. Jiwe alikuwa amelitoa, lakini pembe ya mwisho aliitafuta mahali ambapo haikuwepo, kisu kikakuta mshipa. Figo ikang'olewa. Hakunificha wala hakujitetea. Nkuba aliishi siku chache, akiwa hana cha kuchuja maji mwilini, anavimba, ananiita kwa majina ya dada zake. Tulimzika huko huko Iringa, mbali na ng'ombe wake.

Nilikuwa bado nakusanya vyombo vyetu wodini Mihayo alipoingia, matope mpaka magotini. Mto Mbarali ulikuwa umefurika, alisema, ndio uliomchelewesha. Picha alikuwa ameifunga kwenye shuka jipya, haina hata mkwaruzo.

"Wazee wamekubali," akasema akicheka. "Mfumu ameisoma. Kaka apasuliwe, ni heri tupu." Kisha akakiona kitanda, kimetandikwa, na vyombo vya kaka yake mikononi mwangu, akaelewa.

Nilimchukia saa ile, nawaambieni wazi. Nilikuwa na maneno ya kumvunja mifupa. Badala yake nilimshika mkono kama mtoto nikampeleka kwa Dokta Kalinga, nikaomba sanduku. Dokta alinitazama, akawasha taa bila kuuliza. Nikaweka picha moja huku, nikaweka ile ya kwenye shuka kule.

"Egemeza pua hapa," nikamwambia. "Tulia tu."

Alikaa pale muda mrefu. Nikaona mgongo wake unashtuka, nikajua picha zimekutana. Mkono wake ulinyooka polepole kwenye vioo, kama anataka kushika kitu.

"Shemeji," akasema, uso bado uko ndani ya sanduku. "Kuna pembe moja imekwenda nyuma. Inaonekana kabisa. Mwambieni Dokta."