Alale Ubavu

Siku ambayo mama mshauri angekuja, fundi rangi alideki nyumba mpaka uvunguni, akafungua madirisha, kisha akajipangusa mikono kwa mafuta ya taa ili anuke kazi. Harufu hiyo ilikuwa imemsitiri sana. Watu wakimkuta macho mekundu walisema rangi zitamuua, naye aliitikia kwa kichwa.

Mama mshauri alitumwa na kituo cha afya baada ya mwalimu kulalamika kwamba binti wa fundi anasinzia darasani. Kazi yake ilikuwa kuwafuata nyumbani wazazi wanaokunywa, akae nao na watoto wao, awasaidie kulea. Siku hiyo, alipokuja kwa mara ya kwanza, fundi alimwambia bila kupepesa macho kwamba yeye huonja kidogo tu, tena mtoto akiwa amelala. Tangu mkewe afariki, alisema, huyu binti ndiye roho yake.

Binti mwenyewe, ambaye kwa mapengo yake walimwita Kibogoyo, alimwamkia mgeni akaketi kwenye zulia. Mama mshauri akamwomba fundi aketi naye, amwache mtoto achague mchezo, yeye afuate tu. Fundi aliona ni kichekesho, mtu na mvi zake. Lakini alikaa, maana alitaka asifiwe na yaishe.

"Wewe uwe mtoto," Kibogoyo akasema. "Mimi ni baba."

Akatoka nje, akarudi akijigonga mlangoni, akajibwaga chali na kukoroma. Fundi alianza kucheka, kicheko kikamkaukia mdomoni. Hakuthubutu kumtazama mgeni. Ili mambo yapite, akashika kamba za viatu vya mtoto kuzifungua.

"Siyo hivyo," Kibogoyo akamnong'oneza, jicho moja wazi, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni wa kazi. "Kwanza unamlaza ubavu. Unamwekea mto mgongoni asigeuke. Akitapika chali anakufa. Halafu unakaa unamsikiliza anavyopumua."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamtupia mama mshauri jicho la kuomba aokolewe.

"Mfuate, Baba Kibogoyo," mama akasema taratibu. "Usimwache hapo."

Basi akamgeuza binti yake ubavu, mwepesi kama nguo, akamwekea mto, akakaa kumsikiliza anapumua, uso ukimwaka moto.

Mtoto alipochoka na kutaka chai, fundi alitoroka uani, akasimama kati ya ndoo zake za rangi. Mama mshauri akamfuata. Fundi alijua sasa ataambiwa mtoto anachukuliwa.

"Nilikudanganya," akasema.

Mama akajibu kwamba hilo alilijua. Alichotaka kujua ni nani mwingine anaweza kukaa na mtoto siku baba anapokunywa. Hakukuwa na mtu ila dada mkubwa wa fundi, ambaye alimnusa pombe kwenye msiba wa mkewe na kumsema, naye fundi akamsusa na kumtangaza mtaani kuwa mchonganishi. Kumpigia simu huyo kulikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Mama mshauri alikaa juu ya ndoo, akasubiri.

"Dada," fundi akasema hatimaye kwenye simu, "mimi ni mlevi. Mtoto ndiye ananilea."

Dada yake akauliza mtoto anakula nini asubuhi. Jioni alifika na godoro lake.

Fundi alianza kliniki ya kuacha pombe, na mama mshauri akaendelea kuja. Hata hivyo fundi aliteleza akanywa tena, zaidi ya mara moja. Siku hizo dada alifunga mlango wa chumba cha mtoto, akakesha mwenyewe kando ya fundi, amekunja uso kama aliyetafuna ndimu, bila kumsemesha. Kibogoyo alikawia kuzoea. Alinyata kuja kusikiliza pumzi hata siku baba hakunywa, naye fundi akajifanya amelala kwa kukosa uso wa kumtazama.

Mwishowe, asubuhi moja akimfunga vifungo vya sare, alijikaza.

"Kunilinda si kazi yako, mwanangu. Kuanzia leo uwe unalala."

Kibogoyo akamwangalia, akasema sawa. Kisha akaenda jikoni kumuuliza shangazi yake kama ni kweli.