Gunia la Severina

Wakala alifika Iguguno saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, akaegesha lori mbele ya ofisi ya kijiji, akashusha magunia matupu na sindano ya kushonea. Kila gunia lilikuwa limeungwa kipande cha gunia jingine mdomoni ili lipokee lumbesa, ule mlima unaoongezwa juu ya gunia lililokwisha kujaa na ambao mkulima halipwi. Ukutani palikuwa na tangazo la kupiga marufuku lumbesa. Mtendaji wa kijiji, Clement, alikuwa ameliegemea akinywa chai. Mizani ya kijiji ilikuwepo, ila ilikuwa zahanati ikipima watoto, na watoto wa Iguguno ni wengi.

Severina Mughwai alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alileta alizeti yake yote ya mwaka ule, magunia manane ya kawaida, kwa mkokoteni wa punda wa shemeji yake Joshua. Mvua zilizopita zilikuwa zimeangusha chumba cha nyuma cha tembe lake, udongo na miti vikalala juu ya kitanda ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu. Magunia manane yangetosha mabati ya nyumba nzima. Jambo hilo alikuwa akiliwaza tangu palizi.

"Shikamoo mama," alisema wakala, kijana mtaratibu aitwaye Leonidas.

"Marahaba mwanangu. Za mjini?"

"Nzuri. Mimina tu, mama."

Gunia lake la kwanza liliishia ndani ya gunia la wakala bila kufika hata robo. La pili likaisha, la tatu likaisha. Joshua akachungulia. Alizeti ilionekana chini sana, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na hewa ya baridi ilimpuliza usoni. Akadondosha kokoto, akasubiri, akakohoa, akasubiri tena.

"Shemeji, hili lina kina," alisema.

Leonidas naye akachungulia. "Magunia ya mwaka huu ndivyo yalivyo. Ongeza kidogo, mama."

Kurudisha haikuwezekana. Utaratibu wa pale ni kwamba kilichoingia kwenye gunia la wakala ni cha wakala, na gunia lisilojaa halilipwi. Kwa hiyo Severina alimimina. Tena, asije akaonekana mchoyo mbele za watu, kila baada ya madebe mawili alilitikisa gunia ili alizeti ishuke vizuri. Kuku wa jirani yake Damari akaruka ndani kufuata mbegu. Walimsikia akitetea huko chini mpaka saa tisa, kisha akanyamaza. Damari aliuliza kama atalipwa, akaambiwa wakala hanunui kuku.

Saa kumi, gunia la nane lilipokwisha, alizeti ilifika mshono, ikaupita, ikafanya kilima kizuri. Leonidas akashona. Wapakiaji wawili wakalibeba kama gunia lolote, wakalirusha lorini, naye Leonidas akamlipa Severina bei ya gunia moja.

"Mwanangu, nimemimina manane."

"Nimeona mama, pole sana. Lakini mimi nanunua gunia, na gunia ni hili moja."

Clement alipanda lorini kuhakikisha. Lilikuwa moja.

Severina alirudi kwa miguu nyuma ya mkokoteni mtupu. Hasira alikuwa nayo, lakini aibu ilizidi, na alijichukia kwa kuona aibu ya jambo ambalo hakulitenda yeye. Alinunua misumari na mabati mawili, ambayo hayafuniki kitu. Novemba alipanda juu ya tembe na ndoo za udongo, akaziba.

Maneno ya Leonidas ndiyo yaliyosambaa. Bodaboda ikizimika njiani kwenda Kinampanda, abiria anashuka na kumwambia dereva, "Ongeza kidogo." Bwana harusi asipotokea kanisani, wazee wanaambiana hivyo hivyo kwa sauti ya chini. Watu wa Kilimatinde wanaamini usemi huo ulianzia kwa mpishi wa shughuli aliyekosea chumvi. Si kweli. Ulianzia hapa, na Severina yu hai. Hata wanawe hujisahau, chungu kikipasuka wanausema, kisha wanamtazama mama yao.

Juni iliyofuata Leonidas alirudi. Safari hii magunia yake yalikuwa na kina cha kawaida, ila kipande cha juu kilikuwa kirefu zaidi. Severina alimimina hadi alizeti ikafika mshono, ikaupita, ikaanza kumwagika chini. Leonidas akafungua mdomo, na kabla hajasema, foleni nzima ikamsemea: "Ongeza kidogo!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Leonidas alicheka, Clement akapaliwa na chai. Severina naye alicheka, kicheko cha kweli kilichomtoa machozi. Akayafuta kwa ncha ya kanga, akainama kuchota debe jingine.